Kwa nini UEFA walifuta goli la ugenini? Na huu mfumo wa timu 36 umeletwa kwa faida ya nani?

#1 Fundi Redio
Wakuu, habari za jioni.

Juzi nilikuwa na kijana wangu wa miaka 13 tunaangalia marudio ya Roma na Barcelona, robo fainali ya 2018. Manolas anapiga kichwa dakika ya 82, Roma 3-0, jumla 4-4, uwanja wa Olimpico unatetemeka. Kijana akaniuliza, "Baba, hapa sasa wanaongezewa dakika 30?" Nikamwambia hapana, Roma wameshapita, walipata goli moja kule Camp Nou. Akanikazia macho kama namtania. Ikabidi nianze kumfundisha sheria ya goli la ugenini (jumla ikilingana, aliyefunga mengi ugenini ndiye anapita), ambayo mimi nimekua nayo na yeye haijui kabisa.

Tangu siku hiyo jambo hili limenikaa kichwani. Msimamo wangu ni kwamba UEFA walipoifuta Juni 2021 walitunyang'anya kitu kikubwa. Chukua mwaka 2019 peke yake. United wamefungwa 2-0 kwao, wanakwenda Paris wanashinda 3-1 kwa penalti ya Rashford ya lala salama. Spurs wanafungwa 4-3 na City na bado wanapita. Spurs haohao Amsterdam wako nyuma jumla 3-0, Lucas Moura anafunga matatu, la mwisho dakika ya 96. Mechi zote tatu ziliamuliwa na goli la ugenini.

Maswali yangu ni mawili. Kwa nini walifuta hasa? Na huu mfumo mpya wa Ligi ya Mabingwa, timu 36 kwenye msimamo mmoja badala ya makundi, ni dawa ya ugonjwa gani?

#2 Kipa Namba Tatu
Naweka kambi hapa. Wajuzi waje.

#3 Mwalimu wa Hesabu
Mleta uzi, sababu walitoa na takwimu walitoa. Kwenye mashindano yao, katikati ya miaka ya 1970, timu za nyumbani zilikuwa zinashinda mechi 61 katika kila 100 na wageni 19. Kufikia 2021 imekuwa 47 kwa 30. Magoli nayo: mwenyeji alikuwa na wastani wa 2.02 kwa mechi na mgeni 0.95. Ikashuka mpaka 1.58 kwa 1.15.

Maana yake goli la ugenini lilihesabiwa zaidi kwa sababu lilikuwa gumu kulipata. Ugumu umepungua, lakini thamani ya goli ilibaki ileile. Ni kama posho ya mazingira magumu: barabara ya lami imeshafika kijijini, posho bado inalipwa.

#4 Mangi Kibanda
Mwalimu umeeleza vizuri, ila niseme upande wa sisi tunaoonyesha mpira. Kuanzia Novemba mpaka Machi mechi zile za mwisho za usiku zinaanza saa tano kwetu. Zamani timu zikilingana, mara nyingi goli la ugenini linamaliza kesi, saa saba kasoro nafunga banda. Sasa Machi 2025 nilipigwa siku mbili mfululizo. Jumanne Liverpool na PSG, dakika 120 na matuta. Jumatano Atlético na Real Madrid, dakika 120 na matuta. Siku zote mbili watu wanatoka kwangu saa nane inakaribia. Jirani yangu ana mtoto mchanga, alikuja mlangoni na khanga mabegani hakusema neno, alisimama tu. Niliona haya kweli.

#5 Pasi Ndefu
Hiyo sheria ililetwa 1970 pamoja na matuta. Kabla ya hapo walikuwa wanarusha shilingi.

#6 Mzee wa Magazeti
Pasi Ndefu, shilingi umepata, mwaka umekosea. Goli la ugenini lilianza msimu wa 1965/66 kwenye Kombe la Washindi, na timu za kwanza kukumbana nalo zilikuwa Honvéd ya Budapest na Dukla Prague. Kombe la Mabingwa lenyewe, ndiyo Ligi ya Mabingwa ya leo, likalipokea 1967/68. Matuta ndiyo ya 1970: Everton na Borussia Mönchengladbach, tarehe 4 Novemba, Goodison Park, mara ya kwanza kwenye Kombe la Mabingwa.

Na lazima tukumbuke sheria ilikuja kuondoa nini. Zamani timu zikilingana inachezwa mechi ya tatu uwanja wa watu wengine. Liverpool na Köln 1965 walitoka 0-0, wakatoka 0-0, wakaenda Rotterdam wakatoka 2-2. Mwamuzi akarusha shilingi ikachoma kwenye tope, ikasimama wima. Akarusha tena, Liverpool wakapita. Fikirieni nyinyi ni Köln, mmecheza dakika zaidi ya 270 hamjafungwa jumla, mnarudi nyumbani kwa sababu ya shilingi. Hata baada ya goli la ugenini kuanza shilingi haikuisha: Celtic walimfunga Benfica 3-0, Benfica wakarudisha 3-0, hakuna aliyefunga ugenini, shilingi ikawapa Celtic. Hiyo ni 1969.

Mimi sikuziona hizo mechi, nilizisoma kwenye magazeti ya baba yangu. Lakini ukijua zilikotoka sheria, huwezi kusema goli la ugenini lilikuwa upuuzi. Kwa wakati wake lilikuwa haki zaidi ya chochote kilichokuwepo.

#7 Pasi Ndefu
Asante mzee, nimerekebishika.

#8 Binti Mkunazini
Naomba niongeze kisa ambacho kwangu ndicho kilichoivua nguo hii sheria. Nusu fainali 2003, Milan na Inter. Wote wanacheza San Siro, nyumba moja, geti moja. Ya kwanza 0-0, mwenyeji kwa jina ni Milan. Ya pili 1-1, mwenyeji kwa jina ni Inter. Milan wakapita kwa goli la ugenini. Ugenini wapi? Shevchenko alifunga kwenye nyasi anazozikanyaga kila wiki! Milan wakaenda kuchukua kombe Old Trafford mbele ya Juventus.

Halafu ikaja korona. Februari na Machi 2021 Liverpool na Leipzig walicheza mechi zote mbili Budapest. Arsenal na Benfica walicheza moja Roma na nyingine Ugiriki. Viwanja vitupu, hakuna mwenyeji wala mgeni, na goli la "ugenini" linahesabiwa kama kawaida. Miezi mitatu au minne baadaye sheria ikafutwa. Mimi siamini kwamba ni zile takwimu za miaka 45 za Mwalimu, maana takwimu hizo hata 2010 zilikuwepo. Korona ndiyo iliyofanya kila mtu aone kwa macho.

#9 Mlinzi wa Zamu
Wote mnazunguka. Ni ubingwa wa matajiri. City wangekuwa wamemtoa Real Madrid 2022 kama sheria ingekuwepo, wakaifuta kuanzia msimu huohuo Madrid akapita.

#10 Dereva wa Usiku
Mlinzi, hapo umegeuza gari nyuma mbele. City walishinda 4-3 kwao Etihad. Kwa hiyo Madrid tayari alikuwa na magoli matatu ya ugenini. Bernabéu, Mahrez akafunga moja, Rodrygo akafunga mawili ndani ya dakika moja na nusu, dakika 90 zikaisha 2-1, jumla 5-5. Kwa sheria ya zamani Madrid anapita palepale, tatu kwa moja, filimbi inalia watu wanakwenda kulala. Kufutwa kwa sheria ndiko kulikompa City dakika 30 za kujiokoa. Benzema akawamaliza kwa penalti.

#11 Mlinzi wa Zamu
Nimepiga hesabu upya kwenye karatasi, ni kweli. Nimekosea, naondoa hoja ya Madrid. Ya matajiri naibakisha.

#12 Fundi Redio
Kwa hiyo Dereva unakubali kwamba Rodrygo angekuwa na usiku mkubwa zaidi? Goli la dakika ya 91 linalomaliza kila kitu!

#13 Dereva wa Usiku
Kwa upande wa raha, ndiyo. Kwa upande wa haki, sina hakika. Tazama Juventus na Porto, Machi 2021. Porto alishinda 2-1 kwake, Juve akashinda 2-1 kwake, wakaingia muda wa nyongeza Turin. Sérgio Oliveira akapiga faulo dakika ya 115 ikaingia. Rabiot akarudisha dakika mbili baadaye, 3-2, jumla 4-4, Juve nje. Porto walikuwa pungufu, Taremi ametolewa kwa kadi nyekundu, na walipigana kama simba, siwanyimi sifa. Lakini mgeni alipewa dakika 30 za ziada za kutafuta goli lenye uzito mara mbili, na mwenyeji hakupewa nafasi kama hiyo Ureno. Hilo ndilo lililonitoa kwenye sheria hii. Kama wangeiacha kwa dakika 90 tu nisingelalamika.

#14 Shangazi wa Buguruni
Wanangu mnaongea Ulaya, Ulaya, mimi nina kidonda cha hapahapa. 28 Mei 2023, nilikuwa uwanjani kwa Mkapa na jezi ya kijani ya Yanga. USM Alger wanaongoza, Mayele anasawazisha dakika ya 82, uwanja umewaka, nimemkumbatia mtu nisiyemjua. Dakika mbili tu, Waarabu wanafunga la pili. Tukaenda Algiers tukashinda 1-0, penalti ya Djuma Shabani. Jumla 2-2. Kombe la Shirikisho likabaki Algeria kwa goli la ugenini!

UEFA walikuwa wameshaifuta miaka miwili nyuma, CAF wa Afrika walikuwa bado wanaitumia kwenye fainali. Kwa hiyo mleta uzi ukiililia hiyo sheria, njoo Buguruni uilie mbele yangu.

#15 Pasi Ndefu
Pole Shangazi. Sisi Simba wa Msimbazi tunawaombea kila siku 😀

#16 Shangazi wa Buguruni
Nyamaza wewe. Oktoba mwaka uleule Al Ahly alikuja kwa Mkapa mkatoka 2-2, mkaenda Cairo mkatoka 1-1, mkatolewa vilevile kwa goli la ugenini. Hamkufungwa, mkatoka. Tumelala kitanda kimoja.

#17 Pasi Ndefu
Hiyo imenifika, Shangazi. Amani.

#18 Mwalimu wa Hesabu
Shangazi, kisa chako kinaweza kutumiwa na pande zote mbili. Kwa sheria mpya ya UEFA, Yanga na USM Alger wangeingia dakika 30 za nyongeza, na zingechezwa palepale Algiers, mbele ya watu wao, na moshi wa zile fataki. Mnaweza kusema tungebeba, mnaweza kusema tungefungwa. Na hilo ni tatizo lililobaki Ulaya mpaka leo: anayemalizia nyumbani ndiye anayepata dakika 30 za ziada kwake. Goli la ugenini lilikuwa linamfidia yule mwingine kwa kiasi fulani. Limeondoka, fidia haijaja.

#19 Muscat Mswahili
Salamu kutoka Oman. Mangi Kibanda, nyinyi mnalia saa tano, kwetu huku mechi hizo zinaanza saa sita kamili ya usiku. Ile ya Liverpool na PSG niliimaliza nikaoga moja kwa moja kwenda kazini.

Mimi nataka tuingie swali la pili la mleta uzi. Mfumo wa timu 36 nilikuwa naupinga kabisa, kwangu ligi isiyo na kila mtu kucheza na kila mtu si ligi. Kisha ikaja 29 Januari 2025, mechi 18 zinaanza dakika moja. City wako nyuma 1-0 dhidi ya Club Brugge mpaka mapumziko, wakati huo wako nje ya mashindano. Nimekaa na simu mbili na televisheni, msimamo unapanda na kushuka kila goli likiingia. City wakashinda 3-1, wakaingia nafasi ya 22. Dinamo Zagreb akamaliza na pointi 11 sawasawa na City na Brugge, akakosa kwa tofauti ya mabao. Miaka yote ya makundi sikuwahi kupata usiku wa namna hiyo. Mnakumbuka mechi ya sita ya kundi, timu mbili zimeshafuzu, wanachezesha watoto?

#20 Mtu wa Nakuru
Sawa Muscat, lakini City huyo alienda kufanya nini? Mchujo akakutana na Real Madrid, akapigwa 3-2 kwake na 3-1 kule. Kwa hiyo drama yote ya Januari ilikuwa ya kumpeleka mtu machinjioni Februari. Na waliomaliza nafasi ya 9 mpaka 24 wote wanapata nafasi ya pili. Hapo ndipo naona mkono wa vilabu vikubwa: ukiteleza mara tatu bado uko ndani.

Mfano ni bingwa wa msimu ule mwenyewe. PSG alifungwa na Arsenal, Atlético na Bayern, akatoka sare na PSV, Januari alikuwa nyuma 2-0 kwa City kabla ya kugeuza 4-2. Akamaliza wa 15. Akaja akamfunga Brest jumla 10-0, akamtoa Liverpool aliyekuwa wa kwanza, na fainali Munich akampiga Inter 5-0. Nampongeza, walicheza mpira mtamu sana. Lakini Liverpool kuongoza timu 36 kulimletea nini? Kukutana na PSG raundi ya kwanza ya mtoano.

#21 Binti Mkunazini
Mtu wa Nakuru, hapo umegusa ukweli na UEFA wenyewe waliuona. Ndiyo maana kuanzia 2025/26 wamebadilisha: waliomaliza nne bora wanamalizia nyumbani robo fainali, na wawili bora wanamalizia nyumbani mpaka nusu fainali. Msimu wa kwanza faida hiyo iliishia hatua ya 16. Arsenal alikuwa wa tatu, akaenda kumalizia nusu fainali Paris kwa timu iliyokuwa ya 15.

#22 Mwalimu wa Hesabu
Na sasa unganisheni hilo na nilichosema #18. Wanaongeza thamani ya kumalizia nyumbani, wakati sababu yao ya kufuta goli la ugenini ilikuwa kwamba uwanja wa nyumbani hauna tena faida kubwa. Kama hauna faida, mbona wanaugawa kama zawadi?

#23 Fundi Redio
Mwalimu!! Hapo umenipa silaha mwenyewe.

#24 Mwalimu wa Hesabu
Sijahamia kwako. Faida ipo, imepungua tu. 47 bado ni kubwa kuliko 30. Ila hoja zao mbili hazijakaa vizuri pamoja na ni haki kusema hivyo.

#25 Dereva wa Usiku
Kwenye swali la "kwa faida ya nani", tufuate tarehe. Usiku wa 18 Aprili 2021 vilabu 12 vinatangaza Super League, ligi yao wenyewe nje ya UEFA: sita vya Uingereza, vitatu vya Uhispania, vitatu vya Italia. Kesho yake, 19 Aprili, UEFA wanapitisha mfumo mpya. Tarehe 20 Waingereza wanajitoa. Juni goli la ugenini linafutwa. Yote ndani ya miezi mitatu. UEFA walikuwa wanawapa wakubwa mechi nyingi zaidi ili wasiondoke. Zamani timu kufika fainali kutoka makundi ni mechi 13. Sasa ni 15, na ukipitia mchujo ni 17. Kila mechi ni haki za televisheni.

#26 Mzee wa Magazeti
Nakubaliana na wewe kwa sehemu, ila mpango haukuzaliwa usiku ule. Ulikuwa unajadiliwa kabla, na uliopitishwa Aprili 2021 ulikuwa wa mechi 10 kwa kila timu na nafasi mbili za vilabu vyenye historia, hata kama ligini havikufuzu. Mashabiki na ligi za ndani wakapinga. Mei 2022 ukabadilishwa: mechi nane, na zile nafasi mbili zikapewa nchi mbili zilizofanya vizuri zaidi msimu uliotangulia. Ndivyo Bologna na Dortmund walivyoingia 2024, wa tano kwao. Kwa hiyo wakubwa walitaka zaidi ya walichopata.

Na vilabu vikubwa kusukuma mabadiliko si jambo la jana. Kombe lilianza 1955 na timu 16, mtoano mtupu, ukipangiwa vibaya Septemba umekwenda. Makundi yakaja 1991/92, jina jipya mwaka uliofuata. 1997 wakaruhusu washindi wa pili wa ligi. 1999 wakafika timu 32 na hatua mbili za makundi, Kombe la Washindi likauawa, fainali yake ya mwisho Lazio na Mallorca. 2003 hatua ya pili ya makundi ikaondolewa kwa sababu mechi zilikuwa nyingi na watu walichoka. Sasa tumerudi kuziongeza.

#27 Mlinzi wa Zamu
Mechi ngapi jumla kwa sasa? Maana mimi zamu yangu nalinda na redio, naona kila wiki kuna Ligi ya Mabingwa.

#28 Mwalimu wa Hesabu
Timu 36 mara mechi 8, gawa kwa mbili: 144. Mchujo timu 16, jozi nane, mechi 16: tumefika 160. Hatua ya 16 bora mechi 16, robo 8, nusu 4, fainali 1. Jumla 189. Zamani ilikuwa makundi 8 yenye mechi 12 kila moja, 96, ongeza 29 za mtoano, 125. Ziada ni mechi 64.

#29 Mlinzi wa Zamu
Mechi 64! Hizo miguu ni ya nani? Wachezaji ni walewale.

#30 Mtu wa Nakuru
Na timu ndogo zinapata nini? Slovan Bratislava na Young Boys walicheza mechi nane, pointi sifuri wote wawili. Zamani ukiwa wa tatu kwenye kundi ulishuka Europa League ukapata maisha mengine. Ingawa hilo la kushuka silitamani lirudi. Sevilla alishuka akabeba Europa 2023, sijui wale waliokuwa wanapambana humo tangu Septemba walijisikiaje.

#31 Binti Mkunazini
Lakini usimsahau Brest. Klabu haijawahi kucheza Ulaya kabla ya hapo, uwanja wao haukukidhi vigezo, wakawa wanacheza Guingamp. Pointi 13, sawa na PSG. Wamemfunga Salzburg 4-0 kwake, wamemfunga PSV. Lille amemfunga Real Madrid na Atlético, akamaliza wa saba. Villa akamfunga Bayern. Kwenye kundi la timu nne, ukipangwa na wakubwa wawili umekwisha, unakutana nao mara nne. Sasa unacheza na timu nane tofauti, mbili kutoka kila chungu cha droo, na wa kiwango chako wamo. Mimi kwa timu za kati naona mlango umefunguka.

#32 Pasi Ndefu
Swali la pembeni: mwaka ule Leeds walicheza mechi ya tatu na Stuttgart ilikuwa goli la ugenini pia?

#33 Mzee wa Magazeti
Swali zuri. 1992. Stuttgart alishinda 3-0, Leeds akashinda 4-1, jumla 4-4, Stuttgart anapita kwa goli la ugenini. Kisha ikagundulika Stuttgart aliingiza mchezaji wa kigeni wa nne, na sheria iliruhusu watatu tu. Mechi ya pili ikahesabiwa Leeds 3-0, wakalingana kabisa, ikachezwa ya tatu Camp Nou. Leeds 2-1.

Sheria hiyo ya wachezaji watatu wa kigeni iliruhusu pia "wenyeji wa kulea" wawili, yaani wageni waliokulia soka nchini humo, na kwa vilabu vya Uingereza hata Mskoti na Mwelsi alihesabika mgeni. Ndiyo sababu Novemba 1994 kocha Ferguson alimwacha kipa Schmeichel nje Camp Nou, United akala nne. Kesi ya mchezaji Bosman mahakamani, Desemba 1995, ikaifuta. Kwa maoni yangu hilo lilibadilisha Ulaya kuliko goli la ugenini na timu 36 kwa pamoja. Ajax alikuwa bingwa 1995 na vijana wake wa nyumbani. Miaka michache baadaye wote wametawanyika.

#34 Muscat Mswahili
Mzee, hilo lifungulie uzi wake, tutakuja wengi.

#35 Mangi Kibanda
Narudi kwenye saa. Nimesikia fainali ya 2026 Budapest inaanza saa kumi na mbili ya jioni kwao, kwa hiyo kwetu ni saa moja usiku? Naomba mnithibitishie, nataka kupanga viti.

#36 Binti Mkunazini
Ndiyo, saa moja usiku. Wameirudisha nyuma kwa masaa matatu. Mpaka saa nne hata matuta yamekwisha.

#37 Mangi Kibanda
Alhamdulillah. Nitamwalika na jirani.

#38 Fundi Redio
Nimesoma zote. Mwalimu anasema takwimu, Binti anasema korona, Dereva anasema Super League na fedha. Mimi bado nina swali moja ambalo halijajibiwa. UEFA walisema sheria iligeuka: iliwekwa ili mgeni ashambulie, ikaishia kumtisha mwenyeji, hasa mechi ya kwanza, anaogopa kufungwa kuliko anavyotaka kufunga. Kuna mtu humu amecheza chini ya sheria hii kwa miguu yake? Ni kweli inatia woga?

#39 Kipa Namba Tatu
Mkuu, nilikaa kimya tangu #2 kwa sababu nilikuwa nangoja swali hili.

Nimedaka mpira ngazi ya wilaya miaka tisa. Kuna mwaka tulicheza mtoano wa kupanda daraja, nyumbani na ugenini, na goli la ugenini linahesabiwa. Mechi ya kwanza kwetu. Kocha alituita pembeni akasema leo sitaki kushinda, sitaki kufungwa. Mabeki watano. Mimi nikipata mpira nahesabu mpaka kumi kabla ya kuupiga. Watu wa kijiji walilipa kiingilio, mama yangu alikuwepo, tukawaonyesha 0-0 ambayo mpaka leo naionea aibu. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, woga upo, na mwenyeji ndiye anauonja.

#40 Fundi Redio
Na marudiano?

#41 Kipa Namba Tatu
Kule kwao walitufunga mapema. Tukasawazisha dakika ya 70 na kitu kwa kona, na tangu hapo ni wao waliohitaji goli. Dakika 20 nilidaka vitu ambavyo sijawahi kudaka kabla wala baada. Watu walikuwa wameingia mpaka kwenye mstari, mwamuzi anawasukuma. Ikaisha 1-1, tukapanda. Ile mechi ya kwanza hakuna anayeikumbuka, hata wachezaji wenzangu. Hii ya pili, nikipita kijiji kile na bodaboda mpaka leo, kuna mzee muuza nyanya ananyanyua vidole viwili, kimoja kila mkono, bila kusema kitu.